Chumvi Iliyopanda Mlimani

Seoul, Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Miguu inaendeleaje? Na dawa ya hospitali ya Nundu unaimeza, au unaiweka tu kabatini? Mimi niko mzima. Neema, dada yangu anayekusomea barua hii, amenieleza kuwa Mjomba ameletwa kwenu kutoka Lubondja akiwa mgonjwa sana, na bado anakataa chakula chako. Anakula cha jirani. Nimeumia kusikia hivyo.

Uliniuliza tena kwenye simu: "Mutoto wangu, hiyo historia ya Bachina itakupa nini?" Kwanza, Mama, hawa ni Wakorea. Zamani Wajapani waliwatawala, na kila asubuhi watoto wa shule walipangwa mstari, wakageukia upande wa mfalme wa Japani, wakainama. Aliyekataa alipigwa. Juma hili mwalimu alituuliza kama walioinama walikuwa wasaliti. Wengi wakajibu ndiyo, haraka haraka. Jihun, ninayekaa naye meza moja, hakujibu. Mama wa bibi yake alikuwa mwalimu, na ndiye aliyewapanga watoto. "Alikufa bila kueleza kitu," aliniambia tukienda kula. "Sasa nyumbani kila mtu anasema lake."

Nikakufikiria wewe. Wakati wa Zaïre ulicheza animasyo, zile ngoma za serikali, hapo mjini Baraka, mbele ya bendera, ukimwimbia Rais sifa, huku Mjomba akiwa na waasi milimani. Aliposhuka akasema: "Mi siwezi kula bugali ya muntu mwenye alichezea adui yangu." Ukanyamaza, na mpaka leo unanyamaza.

Lakini Bibi, mama yenu, mwaka ule kabla hajafa, aliniambia tukimenya mihogo: "Benye kucheza balikuwa banapata chumvi. Mama yako hakuionja. Mi nilikuwa naificha chini ya majani ya sombe, naipandisha kwa kaka yake. Kule juu chumvi haikuwako. Akanikataza kusema, sababu bangetufunga bote."

Serikali ile ilikwisha zamani, Mama. Hakuna wa kukufunga tena. Najua una kiburi, unataka kaka yako akuamini bila kuelezwa. Na mimi nina kiburi hichohicho, sijui nilikitoa wapi. Lakini naogopa mtaachana hivi, halafu sisi watoto tubaki kila mtu anasema lake.

Nisalimie Baba, apunguze kubishana na redio. Nisalimie shemeji na mtoto wake mchanga, na mama mchungaji anayeniombea.

Usimkasirikie Neema. Ni mimi niliyemwomba asome kwa sauti, ninyi wawili mkiwa chumba kimoja.

Mjomba, jambo. Najua umesikia yote. Chumvi ya mkono wa dada yako uliila mlimani miaka mingi. Na leo kula.

Mtoto wenu,
Furaha