Onyo Lililobaki Kwenye Simu Yako

Baba,

Nimechoka, sikufichi. Tangu tukuzike sijapumzika, na wiki hii ndiyo imenimaliza kabisa. Mikono yanuka matope hata nikiisugua kwa sabuni ya unga.

Simu yako ninayo bado. Naichaji kila siku na kuiweka kabatini juu ya mashati yako. Mama anataka tumpe mtu aitumie. Siwezi, Baba. Sauti yako imo mle, ile ya kuniagiza mihogo. Naisikiliza nikitoka kazini, halafu nalia.

Jumanne alasiri ililia mara mbili. Nikajua ni wale wa kwaya yako ambao hawajasikia msiba. Sikuwa na nguvu za kumwambia mtu mwingine tena kwamba umekufa. Nikafunga kabati.

Kumbe ni ujumbe wa kaunti. Mvua kubwa alfajiri, watu wa bondeni wahame mapema. Wewe ndiye uliyekuwa mzee wa mtaa, na kwa upande huu wetu wa Junda nambari yako ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Hakuna aliyewaambia umefariki. Ni mimi niliyetakiwa kuwaambia? Sijui. Enzi zako ungeshika ule mwavuli wako uliovunjika upite mlango kwa mlango, na zile milimita zao za mvua usingezitaja hata. "Mama Dama, pandisha unga. Nyie, toeni magodoro. Bibi atolewe sasa hivi, si baadaye." Nami nakucheka, nakwambia mbona mbingu haina hata wingu. Unanijibu, "Cheka, lakini shika ndoo."

Alfajiri mtaro wa barabarani ukafurika, maji yote yakateremka bondeni. Kwetu yaliishia barazani. Kwa Mama Dama yalipanda hadi kitandani. Mamake, yule bibi aliyepooza, alikaa majini akiita mpaka wanaume wawili wakavunja dirisha wakamtoa. Yuko hospitali, kifua kinambana.

Mtaa mzima ukaitukana kaunti, eti haikutuonya. Nami nikatukana nao, tena kwa sauti. Jioni ndipo nikafungua simu yako. Uwii, Baba.

Jana nilikwenda kwa Mama Dama nikamwambia yote. Alikuwa akikamua blanketi. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alisema tu, "Baba yako hata mimi namlilia, Kadzo. Lakini mama yangu bado yu hai."

Kutoka pale nikaenda ofisi ya kaunti. Nikawaambia nambari moja haitoshi, kwani mtu huugua, mtu husafiri, mtu hufa. Wameandika tatu: yangu, ya mwenye duka na ya Mama Dama mwenyewe. Nikawaomba pia ujumbe useme kama ulivyokuwa ukisema wewe, unga na magodoro. Wamesema wataona. Dada wa pale akaniuliza, "Hii ya mzee nifute?" Nililia hadi akaniletea kiti. Kaburini sikulia vile. Nikamwambia, futa.

Basi kwaheri, Baba. Lala. Kazi yako nimeichukua, ingawa sikuitaka. Simu yangu ikilia nitaisoma papo hapo, hata kama nalia, na mlango wa kwanza kubisha utakuwa wa Mama Dama.

Bintiyo,
Kadzo