Mbili Zetu, Mbili za Ndama

Abaayo Nekesa, dada yangu,

Garissa jua ni lile lile ulilokuwa ukigombana nalo, na chai bado tunaitia sukari mpaka inakwama kooni. Nimekukumbuka, wallahi. Nalisema mapema, maana nikianza kuzunguka sitafika.

Ulipotumwa shuleni kwetu kutufunza sisi walimu tusio na cheti, nilijua mtu wa bara amekuja kutafuta makosa yangu. Ukabeba kiti, ukaketi nyuma ya darasa la nne, kimya. Mimi nikafundisha kama nilivyofundishwa: nasema, wanarudia, anayekosea anasimama. Siku ya pili ukajaribu wewe, ukakata machungwa robo robo. Watoto wakayala na wasielewe kitu. Siku ya tatu ukaninyang'anya chaki ukampa Deka, yule binti wa wafugaji asiyefungua kinywa, ukamwomba atueleze kwa nini robo mbili ni sawa na nusu.

Deka akachora ngamia, na chuchu zake nne. Darasa likacheka. Nami aibu ikanipanda: chuchu, mbele ya mgeni! Nikamwambia aketi, aache upuuzi.

"Mwache amalize, Mwalimu Abdi," ulisema, taratibu.

Akamaliza. Mbili tunakama sisi, alisema, mbili ananyonya ndama. Robo mbili zetu, robo mbili zake, kila mmoja kapata nusu. Mwenzake akauliza, na ndama akidhoofika? Tunamwachia tatu, Deka akajibu. Basi wakaanza kubishania robo tatu, Kisomali na Kiswahili, hakuna aliyenikumbuka. Tangu utotoni nakama ngamia, na miaka nenda miaka rudi nafundisha sehemu, wala sikuwahi kuyakutanisha.

Halafu barabara ikakosa usalama, watu wa bara wakawa wanashambuliwa mabasini, na nyinyi walimu wa huko mkahamishwa. Asubuhi uliyopanda basi nilikuambia nina kipindi. Sikuwa nacho, abaayo. Nilijificha stoo, nimekasirika, kwa sababu sikuweza kukuahidi kwamba ukibaki hakuna atakayekugusa. Nisamehe kwa kutokusindikiza.

Nisamehe na hili pia. Ulipoondoka nilirudisha chaki mkononi mwangu. Madarasa yaliunganishwa, watoto wakajaa hadi mlangoni, nikaona kukaririsha ni rahisi kuliko kusikiliza. Deka akarudi kunyamaza, miaka miwili mizima. Hilo ndilo linaloniuma.

Wiki iliyopita nilipewa mwalimu mpya, Saadia, nimfunze kazi. Mimi, fikiria! Sikujua pa kuanzia, nikakitoa kiti chako stoo, nikakifuta vumbi, nikaketi nyuma ya darasa la sita. Saadia alikuwa akifundisha kugawanya sehemu. Mara Deka akasimama, akauliza kwa nini ile ya pili tunaigeuza juu chini. Saadia akamwambia aketi, asipoteze wakati, afuate kanuni.

"Mwache amalize," nikasema.

Deka aligeuka haraka, uso umemng'aa, akatazama kwenye kiti. Alidhani ni wewe. Aliponiona ni mimi, akasita. Kisha akaenda mbele, akanyoosha mkono apewe chaki, na Saadia akampa.

Barabara ikitulia, njoo. Nakikalia tu kiti hiki, si changu. Na chai tutakupunguzia sukari.

Mungu akutunze huko uliko,

Ndugu yako wa Garissa,
Abdi