Kalamu ya Mchina na Shati la Mkwe

Kwa dada yangu mkubwa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu, ninakutangazia rasmi kwamba kalamu yangu ya wino imepigwa marufuku kuhudhuria vikao vya harusi. Mimi mwenyewe bado naruhusiwa, mradi mikono yangu ionekane muda wote.

Baada ya tangazo hilo zito, salamu. Hujambo, dada? Goti linaendeleaje, lile la kushoto linalotabiri mvua kuliko redio? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima wa afya. Wifi yako anakusalimu kwa moyo mmoja, ingawa mimi ananisalimu kwa shingo upande. Mwanao, binti yangu, bibi harusi wetu, naye ni mzima, ila habari zake nazipata kwa mama yake, maana mimi hanisemeshi. Tunakula meza moja, na akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamwomba mama yake aniombe.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema huji harusini, kwamba huwezi kukaa ukumbi mmoja na mdogo wako aliyemmwagia mkwe wino makusudi. Umesema pia unamuunga mkono binti, kwamba atakayemshika mkono kuingia ukumbini awe mdogo wetu wa mwisho, siyo mimi baba yake. Dada, hilo la pili lilinikuta nimesimama, nikakaa. Kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa utaratibu.

Kalamu yenyewe haina sifa ya kugombanisha ukoo. Niliinunua kwa muuza makava ya simu, ikiwa imelazwa kati ya chaja na viwembe. Nilipomuuliza imetoka wapi, akanijibu kwa madaha kwamba ni ya Uchina, kana kwamba pale mezani kwake kulikuwa na kitu kilichotoka kwingine, ukimtoa yeye. Bei yake bei ya soksi, uzito wake uzito wa boliti. Dhahabu ya klipu ilianza kumenyuka kabla sijafika nyumbani. Nibu ilikwaruza karatasi kama kuku anayetafuta mchwa. Ukiiacha Ijumaa, Jumatatu unaikuta imekauka koo kama mtu aliyetoka kuhubiri.

Mwenye akili angeitupa. Mimi nikaanza kuilea. Nilipitisha wembe kwenye mpasuko wa nibu, taratibu, mpaka wino ukakubali kushuka. Kitundu cha kifuniko nilikiziba kwa rangi ya kucha ya wifi yako, nyekundu, ndipo ikaacha kukauka. Na kila Jumamosi naiogesha: maji ya vuguvugu kwenye kikombe, tone la sabuni ya vyombo, kisha bomba la sindano la famasi, bila sindano yenyewe, la kusukumia maji mpaka yatoke meupe. Wifi yako anasema katika watoto wote tuliozaa hakuna hata mmoja niliyewahi kumwogesha kwa uangalifu huo.

Kule stoo ya vipuri mafundi wameniita Balozi. Wanakuja na mikono ya grisi, wananikuta napuliza nibu, wanasema, "Balozi, tia saini tupate plagi, gari lisije likageuka skrepa hapa nje." Vidole vyangu vya buluu, midomo ya buluu siku nikisahau nikajikuna. Sijidai, dada. Najua ninavyoonekana. Ni takataka ya kalamu, lakini inaandika kila siku, na kuandika kwake kumenitoa jasho.

Sasa nikueleze huyo mkwe, baba wa mchumba, ambaye kwa faragha namwita Bwana Kasha. Kalamu yake inaishi ndani ya kasha lenye kitambaa laini, kasha limo ndani ya mkoba, mkoba umo ndani ya gari, na gari, kama ingewezekana, lingewekwa ndani ya gari jingine. Ikitolewa, hutolewa kwa vidole viwili kama kipimajoto. Atakwambia nibu yake ni ya dhahabu. Ukienda chooni ukarudi, atakwambia umepitwa na habari: nibu ni ya dhahabu. Lakini majina ya waalikwa aliyaandika kwa biki aliyoiazima kwa mkewe. Kalamu ile, alisema, ni ya mambo mazito.

Kikao cha kwanza tu alichomoa kalamu yangu mfukoni kwangu bila hodi, akaigeuzageuza, akaniuliza mbele ya watu, "Mkwe, hii siyo ile wanayopewa watoto ukinunua dawa ya meno?" Watu wakacheka. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyecheka zaidi, halafu akaniomba nimsogezee soda. Nikamjibu mkwe kwamba yangu angalau inakwenda kazini kila siku, haijastaafu kama yake. Binti yangu akanifinya chini ya meza. Basi watu wakashika hapo, kwamba Balozi na mkwe wake hawaivi chungu kimoja, na kwa hilo hawakukosea. Mtu anayeringia kalamu asiyoiandikia nitamheshimu kwa sababu gani?

Sasa kisa. Siku hiyo tulikuwa nyumbani kwake, sebule imejaa, na mwenye ukumbi amekuja na mkataba utiwe saini. Mtu mmoja akamnyoshea Bwana Kasha biki. Akaisukuma pembeni, akasema ukumbi wa mwanawe hautatiwa saini kwa vijiti. Akafungua kasha. Akaitazama kalamu, akalifunga tena. Kisha akaniomba tutoke kidogo nikamwangalilie bomba la bafuni linavuja, maana mimi ni mtu wa vipuri.

Waliobaki sebuleni walichosikia ni ukelele. Walichoona, mlango ulipofunguka, ni Bwana Kasha mwenye shati jeupe lililogeuka buluu kuanzia kola mpaka mkanda, na mimi nyuma yake nimeshika chupa ya wino. Nikasema mbele ya wote kwamba kalamu yangu imevuja. Nani angeamini? Kalamu ikivuja inamchafua mwenyewe, haimtafuti mtu wa pili. Jioni ile, kwa midomo ya watu, nilikuwa nimemrushia wino. Kesho yake nilikuwa nimemkaba kwanza. Habari ilipofika kwako, naona nilikuwa nimeshamwekea goti kifuani.

Na yeye, huku anachuruzika katikati ya sebule yake, akainua mkono na kutangaza kwamba amenisamehe. "Tusimlaumu," akasema, "rahisi huvunja upishi." Wakampigia makofi. Mdogo wetu wa mwisho naye akapiga makofi.

Dada, ukweli ni huu, na nakupa wewe peke yako. Niliapa kwamba mdomo wangu hautatamka. Kalamu haikuapa.

Bomba halikuwa linavuja. Alifunga mlango, akatoa ile kalamu, akaninong'oneza kwamba haiandiki. Nikamuuliza tangu lini. Akaitazama sabuni. Tangu alipoinunua, akasema. Alitia wino mara moja, ukakaukia ndani, hakujua la kufanya, na kuuliza hakuthubutu kwa kuwa watu walishamjua kuwa ndiye bwana wa kalamu. Miaka yote ile, dada, alikuwa anatembeza maiti ndani ya kasha.

Wino ninatembea nao, unajua, kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nikakitoa. Nikamwambia tuisafishe kwanza kwa maji ya vuguvugu, tusubiri. Akasema watu wanangoja. Akaichovya, akazungusha kichwa cha nyuma cha kalamu, kile cha kunyonyea wino, ikanyonya kwa taabu. Akajaribu kwenye kiganja: kavu. Gamba la zamani lilikuwa limeziba njia. Basi akaanza kuzungusha kichwa hicho kinyume, kwa nguvu zake zote, ameielekeza nibu kifuani ili aione vizuri.

Mimi naogesha kalamu kila Jumamosi. Nilijua kabisa kinachokuja. Maneno mawili yangetosha: elekeza sinkini. Nilikuwa nayo ulimini. Nikakumbuka dawa ya meno, nikayameza, nikasogea nyuma kidogo kulinda shati langu.

Gamba likaachia. Alipiga ukelele, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka bila sauti mpaka nikashika ukuta. Ndipo mwanawe akagonga mlango, akauliza, "Baba, kuna nini?" Yule bwana, wino unamdondoka kidevuni, akanishika mkono wa shati, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mkwe, usinivue nguo mbele ya mtoto." Kicheko kikaniisha. Kijana yule humzungumzia baba yake kama watu wanavyozungumzia mlima. Nikamwapia sitatamka neno, nikafungua mlango, nikasema ni kalamu yangu iliyovuja.

Kwa hiyo usinivike uungwana ambao haunienei. Nilimsitiri, ndiyo, lakini nilimsitiri na aibu niliyomwacha aingie kwa macho yangu mawili. Na simpendi zaidi kuliko zamani. Ule msamaha wake wa hadharani unaniwasha kama upupu mpaka leo, na kalamu bado anaitembeza, haijaoshwa, nibu ni ya dhahabu.

Siri yake sitaitoa, nawe nakuomba ufe nayo. Ila nusu yangu ni yangu, sihitaji ruhusa ya mtu kuisema. Kesho nitamketisha binti yangu nimwambie: ningeweza kumzuia mkwe wako asichafuke, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuona. Kama baada ya hapo bado anamtaka baba yake mdogo, basi amshike huyo mkono. Atakuwa amenikataa kwa kosa nililolifanya kweli, na hilo nitalibeba. Kukataliwa kwa kosa la kuzushiwa ndiko kulikokuwa kunanikaba.

Wewe njoo tu, dada. Akinikubali, utaniona nikiingia naye, na utanicheka nikilia. Asiponikubali, nitahitaji mtu wa kukaa naye pembeni, na katika ukoo huu mzima sina mwingine ambaye ningependa anione hivyo.

Msalimie shemeji, mwambie alale kwa ubavu. Watoto wote wape pole ya masomo na busu la mjomba wao. Barua hii ukiimaliza ichanechane vipande vidogo, kisha unijibu hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi, mdogo wako uliyenibeba mgongoni.