Ufa Nyuma ya Kabati

Baba yangu,

Wiki tatu zilizopita nilikataa kununua nyumba, na tangu siku hiyo hadi jana Faustin alinisemesha kwa maneno ya lazima tu: chumvi iko wapi, mwanetu Ineza amerudi shule, funga mlango. Mkwe wako si mtu wa kelele, unamjua. Ndiyo maana niliogopa. Ninakuandikia wewe, ingawa huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, kwa sababu sehemu ya lawama ni yako.

Mwenye nyumba wetu wa Mbugangari alikuja Jumapili baada ya ibada, akanywa chai yetu, kisha akasema mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Amepata mpangaji kutoka Goma anayelipa kwa dola. Hakusema kwa ubaya. Tangu watu waanze kuvuka mpaka kwa wingi wakikimbia vita, mji wote umepanda bei, hata chumba kisicho na dirisha kinagombaniwa. Kwetu ilikuwa mara ya tano kuhama tangu tufunge ndoa. Faustin alimsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, akarudi, akabaki amesimama katikati ya sebule.

"Mi nimechoka kufunga matela na vitanda kila mwaka," alisema. "Bon, sasa tununue. Hata kadogo, lakini ikuwe yetu."

Yeye aliletwa kutoka Masisi, kule Kongo, akiwa mgongoni mwa mama yake, na hajawahi kulala kwenye nyumba ya kwao. Mimi nimewahi. Nililala kwenye ile uliyoijenga Karagwe kwa mikono yako, yenye veranda ya saruji nyekundu niliyokuwa nikiipiga deki kila Jumamosi. Siku tulipoambiwa sisi si raia, turudi Rwanda, ulifunga mlango, ukapiga hatua chache, ukarudi ukaufungua tena na kuuacha wazi. Nilikuuliza kwa nini. "Waingie tu," ulisema. "Wakiuvunja nitaumia zaidi."

Hapa Gisenyi uliendelea na uashi, ukajengea watu nyumba kila mtaa, na wewe mwenyewe ukapanga hadi mwisho. Nilipokusihi angalau utafute kiwanja, ulinijibu bila kuinua macho: "Nyumba ya kupanga, wakikufukuza unaacha funguo." Maneno hayo sikuyapenda. Sikujua kwamba nilikuwa nayameza.

Dalali alitupeleka kwenye nyumba iliyo juu kidogo ya barabara ya Rubavu. Vyumba vitatu, mabati mapya, kuta zimepakwa rangi ya maziwa. Faustin alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma akasema hiki kitakuwa cha Ineza. Nilimwona akipima ukuta kwa hatua zake, midomo ikisogea, nami nikaanza kuogopa bila kujua sababu.

Nikakumbuka ile wiki mlima wa moto ulipolipuka na ardhi ikatetemeka mchana na usiku, watu wote wanalala nje. Wewe ulinichukua tukapita nyumba baada ya nyumba, majirani wakikuita uangalie kuta zao. Ulinifundisha kugonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Ulinionyesha ufa wa plasta, ambao hauna neno, na ule unaoshuka ngazi kwa ngazi ukifuata tofali. "Huu umetoka chini, kwenye msingi," ulisema. "Huu rangi haiutoshi."

Kwa hiyo niligonga. Dalali alicheka kidogo akauliza kama mimi ni fundi. Sebuleni pazuri, jikoni pazuri. Chumba cha nyuma kulikuwa na kabati kubwa ambalo wenyewe walisema wanaliacha kama zawadi. Nilimwomba Faustin tulisogeze. Nyuma yake plasta ilikuwa mpya, na katikati ya plasta hiyo mpya ufa ulikuwa umeshatokea tena, mwembamba, ukishuka ngazi kwa ngazi hadi sakafuni.

Faustin aliugusa. "Nyumba gani hapa haiko na mupasuko?" aliniuliza. "Tutaita fundi, atafunga na beto ya saruji. Mnunuzi mwingine anakuja kesho, Mama Ineza. Tukiacha hii hatuna kitu."

Nilibishana naye njia nzima, na mwisho nikachoka nikasema sawa. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Asubuhi yake tulikwenda ofisi ya sekta kuweka sahihi, tumevaa kama watu wa harusi. Noteri wa mikataba alimuuliza Faustin kama anakubali, akajibu ndiyo. Akaniuliza mimi. Muuzaji alikuwepo, dalali alikuwepo, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na mkono haukushuka. Nikasema, "Hapana, sikubali." Faustin hakunitazama. Alikusanya karatasi zetu taratibu, akazipanga kingo kwa kingo, akatoka.

Siku iliyofuata nyumba ilipata mnunuzi, mama mmoja aliyevuka kutoka Goma na watoto wanne. Sikuweza kutulia. Nilimfuata pale pale, kabla hajaweka sahihi, nikamwonyesha nyuma ya kabati na kumweleza yote uliyonifundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amebeba mdogo wao, na alimhamishia bega la pili kabla ya kujibu.

"Aksanti, dada. Nimeiona jana," alisema. "Kule nimetoka, ukuta yangu ilikuwa nzima kabisa. Mupasuko haiko na bunduki."

Akanunua. Juzi nilipita pale, watoto wanacheza mlangoni na nguo zimeanikwa.

Sisi tumepanga vyumba viwili, vidogo kuliko vya mwanzo na ghali kuliko vya mwanzo. Kila nikigonga ukuta ninajiuliza jambo moja, Baba: ule ufa niliuona, au niliutafuta? Ufa ulikuwepo, hilo ninaapa. Lakini nilikuwa nimeanza kuogopa kabla hatujalisogeza kabati. Niliogopa tangu Faustin aliposema chumba hiki ni cha Ineza. Nilikuona wewe ukirudi kuufungua mlango.

Jana, hatimaye, nilimwambia Faustin hivyo hivyo nilivyokuandikia, habari ya Karagwe, ambayo kwa miaka yote sikuwahi kumweleza yote. Alikuwa anamenya viazi. Alimenya viwili vizima, akavitia majini.

"Kumbe uliogopa," alisema. "Mi nilifikiri hauniamini."

Kisha akaniambia kuna kiwanja Busasamana, mbali na kazi yake, upepo mkali, ardhi nyeusi ya mawe. Tunakwenda kukiangalia Jumamosi. Sijui kama nitakitaka. Lakini nikishikwa na woga, safari hii nitamwambia kwamba ni woga, na tutaamua wawili. Sitamwacha ajue mbele ya watu.

Nisamehe kama ninauacha upande wako, wa kupanga hadi mwisho. Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako wa pekee