Walivuka Daraja Mara Mbili

Mpendwa Shangazi Tabitha,

Nisamehe kwanza kwa kuchelewa kukuandikia, maana jambo hili limenikaa moyoni tangu theluji kubwa ilipoanguka, lakini mwanangu anaota meno, mume wangu yuko kazini relini, na kila nikishika kalamu ama mtoto analia ama sufuria inafurika, basi leo naandika kwa mkono mmoja, mtoto yuko kwenye mkono wa pili, naomba sana msaada wako katika safu yako ya gazeti.

Nyumbani kwangu wanakaa wanafunzi wawili wa chuo, mdogo wangu Asahel na rafiki yake Lyman, wanalala kitanda kimoja na kuota moto wa jiko moja tangu mwaka wa kwanza, hata makoti wanaazimana, na waliahidiana kwamba hakuna atakayemchumbia msichana bila kumwambia mwenzake. Lyman anampenda Permelia wa bweni la wasichana ila hajawahi kumwambia, kazi yake ni kumbebea vitabu na kunyamaza. Darasa lao lilipopanga matembezi ya sleji, yale magari yasiyo na magurudumu yanayovutwa na farasi juu ya theluji, akajikaza akamwalika, matroni wa bweni akatoa ruhusa, halafu siku yenyewe Lyman akaamka mashavu yamevimba, kumbe ni matubwitubwi. Akamwambia mdogo wangu, "Mpeleke wewe, ndugu yangu. Mwingine nisingemwachia."

Shangazi, desturi yetu hapa Ohio unaijua, sleji ikipita darajani kijana anadai ushuru, busu moja la shavuni, na msichana asiyetaka anajifunika shali na hakuna wa kumlaumu. Walipofika kwenye daraja lenye paa Asahel hakudai kitu, ananiapia, alikaa tu akitazama masikio ya farasi. Permelia ndiye aliyemuuliza, "Kwani wewe hutozi?" Akalipa mwenyewe. Walipotokea upande wa pili akasema, "Hebu geuza farasi, nimesahau kitu ng'ambo." Hakuwa amesahau kitu, na Asahel aligeuza.

Tangu hapo mdogo wangu hali chakula mezani kwangu. Lyman nimemlaza kwenye chumba kilicho pembeni ya jiko, penye joto, na kila nikimpelekea supu ananiambia, "Dada, huyu jamaa kanitupa? Mwambie nimekuwa boga, aje acheke." Asahel anasema anaogopa kuambukizwa. Matubwitubwi aliyaugua akiwa mdogo, nikamfunga kitambaa kichwani mimi mwenyewe! Jana wenzao walipita chini ya dirisha wakipiga miluzi, "Wewe Asahel! Daraja bado limesimama, au umelimaliza kwa kupitapita?" Lyman akaniuliza, "Daraja gani hilo, dada?" Nikamwambia mtoto analia, nikatoka, na mtoto alikuwa amelala fofofo.

Sasa Asahel anafunga sanduku. Anataka kwenda kufundisha shule moja huko mbali mashambani na asirudi tena, na amebakiza muhula mmoja tu ahitimu. Nawapenda wote wawili, huyu mwingine naye amekuwa mdogo wangu.

Naomba unitumie haya: maneno ya kumzuia Asahel, maneno ya kumjibu Lyman akiniuliza tena, na kama nafasi itabaki gazetini, dawa ya fizi za mtoto, maana ile ya dukani inamlaza kupita kiasi nami naiogopa.

Mimi, Mama Theron

*

Mama Theron,

Kuchelewa nimekusamehe, aliyelea anakuelewa. Lakini acha kumtumia mtoto kama mlango wa kutorokea.

Mdogo wako anajiona mwizi. Mimi namwona mwoga. Miaka yote hiyo kitanda kimoja, halafu anamwacha mwenzake avimbe peke yake nyuma ya ukuta wa jikoni? Aibu kwake. Waliahidiana kuambiana, basi amwambie, kabla wale wa dirishani hawajamwambia wao.

Leo supu usiipeleke wewe. Mpe Asahel bakuli, mfungulie mlango, kisha ufunge nyuma yake. Aseme yote: nani aliuliza, nani aligeuza farasi, na kwamba aligeuza kwa furaha. Asijitetee. Lyman ataumia, maskini, na huenda akageukia ukutani. Mwache. Asahel apeleke bakuli kesho, na kesho kutwa, hata kama hajibiwi. Mtu anayeweza kujiita boga akiwa mgonjwa hivyo ana moyo mpana, nadhani siku moja atalipokea bakuli hilo.

Na huyo Permelia wasimgawane kama yale makoti yao. Ana kinywa chake, na alichotaka alikisema darajani, akarudi kukisema tena. Asahel akishazungumza na mwenzake, aende kwa matroni aombe ruhusa ya kumtembelea sebuleni, mchana, watu wakiona. Sanduku lifunguliwe. Shule ya mashambani itamngoja ahitimu.

Dawa ya dukani imwage. Lowesha kitambaa safi katika maji baridi, kikamue, mtoto atafune, na wewe ulale anapolala.

Maneno ya kumzuia Asahel ni haya: "Lyman anakuulizia." Usiongeze hata moja. Ya kumjibu Lyman sikutumii. Hayo anayo Asahel, na supu inapoa.

Shangazi Tabitha