Malori Yanayorudi Matupu

Jumatatu, 9 Juni

Profesa amelisifu jedwali langu mbele ya watu! Amesema ni safi kama sahani ya mgeni. Nikainama nikajifanya natafuta kalamu, masikio yakiwaka moto. Mimi sifa hunitisha kuliko kukaripiwa. Anayekaripiwa angalau anajua amesimama wapi.

Ripoti karibu inakamilika. Miezi sita ya safari za malori kumi na manne ya kampuni ya soda, mistari elfu nne na ushee, yote imepita kwenye vidole vyangu. Na jibu limetoka: kati ya kila safari mia za kurudi ghalani, sitini na moja lori hurudi tupu. Dizeli inachomwa kubeba hewa! Kwa hiyo Profesa anapendekeza malori tisa badala ya kumi na manne. Moshi utapungua kwa karibu theluthi. Miaka yote hii kitengo chetu kinaandika juu ya usafirishaji endelevu, na sasa, kwa mara ya kwanza, kuna kampuni iliyo tayari kufuata. Warsha ni Ijumaa. Wakurugenzi watakuja kutia saini.

Profesa aliniambia pembeni: ripoti ikipokelewa, mkataba wangu wa ukarani utaongezwa mwaka. Isipopokelewa — hakumalizia. Sikuuliza.

Kesho natumwa ghalani kupiga picha ya jalada. Lori tupu, milango ya nyuma wazi. Grafu anataka picha iwe na huzuni kidogo. (Grafu ni jina tulilompa mwanafunzi wa uzamivu, maana hata akibishana juu ya zamu ya kufagia ofisi, huchora.) Lori lenye huzuni! Sijui nitaliambia nini lihuzunike.

Jumanne, 10 Juni

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Nilifika ghalani saa nane mchana. Malori sita kwenye foleni ya mizani. Kila lori linalorudi lazima lipande mizani kabla ya kuingia, na mashine inaandika uzito. Ndizo namba zangu. Nikasimama kivulini, nisiwe njiani mwa mtu. Mara likaja lori jingine, lisijiunge na foleni. Likazunguka nyuma ya ukuta. Nikalifuata, kwa udadisi tu — laiti ningebaki kivulini!

Nyuma kuna uwanja wa kreti. Lori lile lilikuwa limejaa kreti za chupa zilizokwisha kunywewa, zimepangwa hadi juu. Vibarua wakazishusha kwa kurushiana, dakika kumi na tano hivi. Lori likatoka jepesi, likaenda kupima.

Dereva ni mzee wanayemwita Breki. "Karibu, msomi! Umekuja kutupima na sisi?" Nikamuuliza kwa nini anashusha kabla ya mizani. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvua viatu wakipanda kitandani. Ukipanda na kreti, alisema, lazima zihesabiwe pale pale moja moja, saa nzima jua linakuchapa. Ukipanda mtupu, unapungiwa mkono. Asubuhi foleni ni fupi, wanapita nazo. Mchana? "Mchana nani mjinga?"

Tangu lini?

"Tangu mizani iletwe, mwanangu."

Wote?

"Ila labda yule wa lori namba tatu. Yeye na redio yake, foleni haimuudhi."

Nikapiga picha. Nilitumwa picha, nikapiga. Breki akasimama kwenye mlango wa lori tupu, akavuta tumbo ndani, akaniamuru nichukue upande usio na kovu.

Kosa ni langu. Januari tulikuwa na vyanzo viwili: fomu za madereva, zenye safu ya mzigo wa kurudi, na namba za mizani. Mwandiko wa madereva ulikuwa kama kuku amepita juu ya unga. Namba za mizani zilikuwa safi. Nikachagua usafi. Nikaandika sentensi moja ya kueleza, Profesa akaikubali, na fomu nikazifunga kwa kamba nikazitia kabatini. Hakuna aliyeniambia niende ghalani kwanza nione kazi inavyofanywa. Hakuna aliyenikataza pia.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua kamba. Nimesoma fomu za siku kumi na mbili, mstari kwa mstari, na rula chini ya kila neno. Kumbe mwandiko wao unasomeka. Ulihitaji subira tu.

Safari 336. Kwa mizani, 205 zilirudi tupu. Kwa fomu, 168 kati ya hizo zilikuwa na kreti. Tupu kwelikweli: 37.

Sitini na moja katika mia imekuwa kumi na moja.

Nikahesabu tena. Kumi na moja. Nikanywa maji. Kumi na moja.

Nikasema labda madereva wanajipendelea. Nikampigia mama anayesimamia uwanja wa kreti. Ana daftari lake, kila lori na ukurasa wake. Akanisomea siku nzima kwa simu, anasoma huku akigombeza vibarua. Zinalingana na fomu, isipokuwa lori moja. Nikamwambia daftari hilo lina thamani kubwa. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Nikadhani ni la kwangu mwenyewe."

Nikamwambia Grafu. Alicheka kwanza. Kisha akakumbuka kurasa zake mbili zinazoeleza kwa nini malori hurudi matupu zaidi mchana — ameziita "tabia ya soko la alasiri". Soko gani! Ni jua na foleni. Akaacha kucheka. Akachora mstari, akachora mshale. Kreti ya chupa tupu si mzigo, alisema, ni hewa iliyovishwa plastiki. Tukiandika lori lilirudi tupu, hatujasema uongo.

Neno hili limenikaa kichwani siku nzima, nakiri. Lilinifaa mno. Na neno likikufaa mno, ligeuze uone mgongo wake. Chupa zisiporudi, kiwanda kinajaza nini? Ama kinatengeneza mpya, ama kinatuma lori maalumu kuzifuata. Malori matano yataondoka, na baada ya mwezi watakodi mengine ya kukusanya chupa. Moshi utakuwa umepungua kwenye karatasi yetu tu. Mnyororo wa ugavi una upande wa kwenda na upande wa kurudi. Huu wa kurudi, unaofanya chupa moja inywewe mara ishirini, ndio sisi tumeuita tupu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilifika mlangoni kwa Profesa mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma ratiba iliyobandikwa. Mara ya pili niliisoma tena.

Mara ya tatu niliingia. Alikuwa kwenye simu na meneja wa kampuni, wanacheka. Akaniashiria nikae. Alipomaliza akaniambia wameshachagua malori matano ya kuondolewa, kwa kufuata uzee, na madereva wake watapewa barua za kuachishwa kazi Jumatatu. Lori la Breki ni la pili kwa uzee.

"Unajua, karani, ripoti zetu nyingi zimeliwa na panya," alisema. "Hii itatembea." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja sana. Sijawahi kumwona hivyo. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Shikamoo, Profesa." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi! Akaitikia, akashangaa, nikatoka.

Jioni tulikunja nguo na dada. Akaniambia, "Mdogo wangu, una jambo. Shuka hilo umelikunja mara mbili." Nikamwambia yote. Aliendelea kukunja. Kisha akauliza swali moja tu: hao madereva wanakujua?

"Mmoja ananiita mwanangu."

Akakunja hadi kikapu kikaisha. "Woga wako uko mdomoni," akasema. "Mkononi hauna. Basi andika."

Nimeandika. Ukurasa mmoja. Siku kumi na mbili, namba zile tatu (336, 205, 37), na sentensi: uamuzi wa kutumia mizani peke yake ulikuwa wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne na dakika kumi. Mapumziko ya chai. Naandika kwenye meza ya kompyuta, nyuma ya ukumbi, maana kazi yangu leo ni kubofya slaidi.

Nilimkosa Profesa asubuhi. Aliingia pamoja na wakurugenzi. Akazungumza vizuri mno. Nilibofya slaidi ya sitini na moja katika mia kwa kidole changu mwenyewe. Watu wakaguna kwa mshangao. Breki yupo, amealikwa kuwakilisha madereva, shati limepigwa pasi. Ilipotokea picha ya lori lake alimgusa jirani yake kwa kiwiko, akajionyesha.

Wakatangaza chai. Baada ya chai ni saini.

Nikaenda. Miguu ilikwenda, mimi nikaifuata. Nikampa ukurasa, nikasema tafadhali kabla ya saini, nikarudi huku.

Anasoma amesimama dirishani. Mkurugenzi anamsemesha, naye anamwinulia kiganja asubiri. Amefika mwisho. Ameanza upya! Anauliza kitu, Grafu ananinyooshea kidole. Grafu amepauka. Profesa anakuja —

Amekuja, ameondoka. Niandike kabla sijasahau. Hakukaripia. Aliniuliza, "Uliziona kreti kwa macho yako?" Nikasema ndiyo. "Fomu ziko wapi?" Mkobani mwangu, zote za siku kumi na mbili. Akatazama mkoba, akatazama watu, na ule uso wa jana sikuuona tena. Akasema mtu mwingine atabofya. Mimi nikae mbele, kando yake, na fomu.

Kama shahidi au kama mshtakiwa, hakusema.

Wanarudi vitini. Breki ameniona nimebeba mkoba, ananipungia mkono. Profesa amevuta kiti cha pili, anapiga kikombe kwa kijiko —