Pole za Macho Yasiyouma

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi uipokee hivyo hivyo, maana mwenye shida hachagui wa kumwamkia. Nina miaka arobaini na minane, ni mjane, naishi Kilimatinde kwenye mji wa marehemu baba yetu, na nimesema uongo ambao sasa umenishinda kuubeba.

Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli na alioa wake wawili, mkubwa ni mama yangu Magreth na wa pili ni mama mdogo Yunisi, na tangu baba afariki mwaka 1979 hawa wawili hawakugawana ua wala shamba, wanalima uwele pamoja, wanazozana kila siku juu ya kuku na chumvi, na mmoja akichelewa kurudi kutoka kisimani mwenzake hakai chini. Mdogo wangu Godfrey, wa tumbo moja nami, yuko Dar es Salaam, na tangu kampuni yao iuzwe kwa watu binafsi amekuwa meneja, na mwaka huu ameamua kuukutanisha ukoo wote huko Dar tarehe 28 Desemba, ukumbi umekodiwa, kadi zimechapwa, na mtu wa video ameshapatikana. Jambo lenyewe silikatai, kwa sababu tumetawanyika mno na watoto wa ndugu wanapishana Kariakoo bila kusalimiana. Ila siku aliyoniita kwenye simu ya posta ya Manyoni nilitamani ningekuwa kiziwi.

"Dada, mlete mama kwa treni. Mama peke yake."

"Na mama mdogo?"

"Dada, watakuwepo wakubwa wangu wa kazini, wazee wa kanisa na wakwe zangu. Wanajua baba alikuwa na mke mmoja."

"Wamejulia wapi?"

"Mimi nimewaambia. Sasa wewe mwambie mama mdogo unampeleka mama kupasuliwa macho, yaishe."

Mshauri, huyu Godfrey shule ya msingi alisomea Itigi, na aliyekaa na baba kwenye nyumba za reli kule Itigi ni mama mdogo, miaka saba alimfulia kaptula za shule, alipougua surua alimbeba mgongoni hadi zahanati, na Godfrey alikuwa akimwita mama bila kuongeza hiyo mdogo, leo mama huyo ndiye wa kufichwa kama mkeka uliochanika. Niliwaka hasira, lakini nilikubali, kwa kuwa wanangu wawili wa sekondari wanasomeshwa naye, nikaogopa.

Nikamwambia mama mdogo tukiwa tunapepeta uwele, kwamba mama ana mtoto wa jicho na mwezi wa kumi na mbili atapasuliwa Dar. Nikasahau niko wapi. Kwetu mgonjwa hawi wa nyumba moja. Kesho yake asubuhi akina mama wa kanisani wameingia uani na nyimbo, jirani yetu Mwislamu kaleta mayai na kusema watamsomea dua, mwingine kaleta jogoo, na mama yangu, ambaye hadi leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, anapokea tu huku amekodoa hayo macho.

"Damari, hawa watu wananipa pole ya nini? Nimefiwa na nani ambaye hamjaniambia?"

"Ni pole ya safari, mama."

"Safari ya Desemba, pole ya Novemba?"

Nikashika ufagio nikafagia ua. Juzi zikaja sare kutoka kwa Godfrey, kitenge kimoja cha mama na kimoja changu, mama akakikunjua chake akauliza cha Yunisi kiko wapi, nikasema kinakuja, akasema kitenge hakina miguu kitakujaje, akachukua mkasi akakikata katikati, akavuka ua kumpelekea mwenzake nusu yake, maana ndivyo walivyokuwa wakivaa enzi za baba. Yeye nilimwambia ni sherehe ya ukoo, na anaamini wanakwenda wote. Na mama mdogo akaipokea ile nusu kwa mikono miwili bila kuuliza neno, akanifuata jikoni analia: "Mama yako ananiaga. Ameona hatarudi." Akajifuta machozi akasema, "Huko hospitali nani atamshika mkono kumpeleka chooni? Wewe una haraka zako. Nakwenda mimi." Na ameshafunga mzigo wake, na unga wa uji wa mgonjwa ndani yake.

Nikampigia Godfrey. Akasema, "Mwambie hospitali haipokei wasindikizaji wawili."

Basi nipo hapa katikati ya wanawake wawili waliofunga mizigo ya treni moja, mmoja anakwenda kwenye sherehe na mwingine anakwenda kuuguza, na wote wananiamini. Nimwache mama mdogo stesheni? Nimpeleke hadi ukumbini Godfrey amwone ghafla, aibu imkute huko huko? Au niseme mama amepona? Naomba usitaje majina yetu.

Ni mimi wa Kilimatinde, 4 Novemba 1996.

*Mshauri anajibu:*

Dada wa Kilimatinde, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka ulipofika kwenye mayai. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na mdogo wako, kwa kuwa najua atasoma. Mtu anayekusanya ukoo huku akiuficha hakusanyi ukoo, anapiga picha ya kuwaonyesha mabosi. Hakuna mzee wa kanisa atakayeanguka akisikia kwamba mfanyakazi wa reli wa zamani alikuwa na wake wawili. Wengi wao wametoka kwenye nyua za namna hiyo hiyo. Baba yenu hakumwachia Godfrey aibu yoyote. Aibu hii ameitengeneza mwenyewe siku alipowadanganya wakwe, na sasa anataka mwanamke aliyemlea ndiye ailipie.

Sasa wewe. Unaandika kana kwamba uongo huu ulikuangukia kutoka juu. Godfrey alikuwa umbali wa karibu kilomita mia sita. Aliyemtazama Yunisi usoni na kusema "mtoto wa jicho" ni wewe. Hofu yako juu ya masomo ya watoto siidharau, ni hofu ya mzazi. Lakini katika barua yako nzima sioni mahali Godfrey aliposema atawaachisha shule. Umejitisha mwenyewe. Siku akitamka hivyo niandikie tena, hilo litakuwa shauri jingine na nitalijibu kwa jina lake kamili.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: unaniuliza ni uongo gani wa kuongeza. Stesheni, ukumbini, "amepona". Yote matatu ni uongo mpya. Wakati huo yupo mwanamke mzima anayeamini mwenzake wa miaka yote anakwenda kufa. Wewe unamwona anavyolia, halafu unakaa kutunga barua kwa mtu usiyemjua.

Mwendee Yunisi kwanza, kabla ya mama yako, kwa sababu yeye ndiye uliyemuumiza. Usitangulize kisa cha Godfrey. Sema, "Mama mdogo, nimekudanganya, mama haumwi," halafu nyamaza. Atakutukana. Kaa utukanwe, usijitetee. Akimaliza ndipo umweleze sababu, yote, pamoja na hilo la mke mmoja. Najua litamchoma. Litamchoma zaidi akilisikia kwenye mabehewa kutoka kwa ndugu aliyealikwa.

Kisha mama yako. Huyo atakuwa mkali kuliko Yunisi, na usishangae akikuuliza kwa nini ulishika ufagio. Jumapili waombe akina mama wa kanisani dakika mbili, useme kwa sauti kwamba mgonjwa hakuwepo na aliyekosa ni wewe. Nenda pia kwa jirani Mwislamu, maana dua aliyoisoma aliisoma kwa moyo mweupe. Mayai yameliwa, hayarudi. Jogoo kama bado anawika, mrudishe.

Suala la kumfikisha Yunisi ukumbini kwa kushtukiza, lifute kabisa. Mama wa umri ule si jiwe la kumrushia Godfrey mbele ya video. Atakayeumia mbele ya wageni ni yeye, wakati ninyi ndugu wawili mnatazamana.

Kwenda au kubaki wataamua hao wawili wenyewe. Usiwashawishi, na usimruhusu mdogo wako awashawishi. Wakiamua kwenda, panda lori hadi Manyoni, mpigie Godfrey, umwambie maneno haya tu: "Wanakuja wawili, chapa kadi upya." Akianza kueleza habari za wakwe, weka simu chini. Wakiamua kubaki, mwambie treni inayoshusha watu Dar ndiyo hiyo hiyo inayowarudisha bara, na ukoo unaweza kukutana Kilimatinde pasipo ukumbi. Atakayekuja ni ndugu. Atakayeshindwa alikuwa mgeni wa sherehe.

Uliniomba nisitaje majina. Nimeyabadilisha yote, na lako pia. Lakini usijidanganye, umeshawadanganya wengine wa kutosha. Kilimatinde nzima inamjua mama aliyepewa pole ya macho na akina mama wa kanisani. Ndiyo maana jibu hili nilikutumia kwanza kwa posta, na gazetini nimelichelewesha kwa wiki mbili kamili. Hizo zilikuwa wiki zako za kusema mwenyewe.

Kama ulizitumia, vizuri, huna haja ya kuendelea kusoma. Kama hukuzitumia, gazeti hili litakuwa limeshashuka Manyoni na linapanda kilima kuja kwenu, na kuna mtu atamsomea Yunisi kwa sauti. Yeye yuko ng'ambo ya ua tu. Mwahi.